Ushindani wa seli za saratani: milinganyo au gridi?

Seli zinazosikia dawa zikigombania nafasi na zile sugu, tuandike milinganyo ya Lotka-Volterra (hesabu za jinsi makundi yanayoshindana yanavyokua na kubanana) au tuigize kila seli kwenye gridi, yaani miraba ndani ya kompyuta?

Kwa gharama, milinganyo haina mpinzani: miwili mitatu tu, kompyuta ya kawaida huimaliza papo hapo. Kundi la mtafiti wa saratani Robert Gatenby kule Tampa, Florida, liliitumia kwa saratani ya tezi dume: dawa ya abiraterone husitishwa PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) ikishuka kwa nusu, ili seli zinazosikia dawa zibaki kuzibana sugu.

Ila milinganyo hiyo huchukulia seli zimekorogwa kama uji. Uvimbe haupo hivyo! Seli sugu iliyozingirwa katikati hukosa pa kugawanyikia, na gridi huliona hilo. Lakini inakula saa nyingi, na ukiirudia jibu hubadilika kidogo.

Una vipimo vya damu tu? Milinganyo itakutosha. Una picha za biopsi (kipande cha uvimbe kilichokatwa ili kichunguzwe) na subira? Gridi.