Uzoefu wangu na Motability: bei haishuki, lakini nyongeza ipo

Kwetu Tanga hakuna anayetoka sokoni bila kudai nyongeza. Mmeshapatana, umeshalipa, samaki wameshaingia kapuni, na bado umesimama palepale: "Nyongeza yangu je?" Muuzaji atanung'unika, kisha atakurushia vidagaa viwili vitatu juu ya fungu lako. Naanza na soko kwa sababu ndilo lililonisaidia kupata gari ninaloliendesha leo hapa Leicester kupitia Motability, mpango wa Uingereza wa kuwakodishia walemavu magari. Nawaona Waswahili wenzangu wengi Uingereza wanaostahili mpango huu wanaingia kimya, wanapokea wanachowekewa mbele, wanasema asante na kuondoka. Inaniuma, maana gari hilo utakaa nalo miaka mitatu.

Mguu wangu wa kulia uliharibiwa na polio nilipokuwa na miaka mitatu. Natembea kwa chuma cha mguuni na mkongojo, na safari ndefu natumia kiti cha magurudumu kinachokunjwa. Napokea PIP, posho ya serikali kwa walemavu, na sehemu yake ya usafiri naipata kwa kiwango cha juu. Kiwango hicho cha juu ndicho kinachofungua mlango wa Motability. Mwenye kile cha kawaida hapiti. Kwa mtoto wa chini ya miaka 16 ni DLA, posho ya ulemavu ya watoto, ya kiwango cha juu cha usafiri, na walioko Scotland wana malipo yao yanayokubalika vilevile. Tena posho iwe imebakiza angalau miezi 12, usije ukaenda dukani na barua inayokaribia kuisha.

Mpango wenyewe ukiusikia mara ya kwanza utadhani kuna mtego. Unaiachia posho ya usafiri iende moja kwa moja kwao, wao wanakupa gari jipya kwa miaka mitatu. Nilipoweka oda mwaka 2024 posho hiyo ilikuwa pauni 75.75 kwa wiki. Ndani ya pesa hiyo mna bima, sevisi, matairi, kioo kikipasuka, na RAC wa kuja kukuokoa ukikwama barabarani. Kodi ya barabara hulipi. Mafuta ni yako. Kwa mwaka ni karibu pauni 3,940, na anayejua bima ya gari inavyogharimu mjini kwetu ataona mwenyewe kama inalipa au hailipi. Mkataba wangu unaruhusu maili 60,000 kwa miaka yote mitatu, na kila maili ya ziada ni peni 5. Mwisho wa mkataba gari linarudi kwao. Na ujue mapema kwamba posho ikipanda kila Aprili, kilichoongezeka nacho kinakwenda kwao, kama gari ulilochagua linachukua posho nzima. Mwaka 2025 ilifika 77.05 na mimi sikuona hata peni yake.

Jirani yangu, bibi wa Kiingereza aliyepooza miguu tangu ujana, alinisimulia alichokuwa akipewa na serikali kabla ya mpango huu: kigari cha buluu cha magurudumu matatu, chenye kiti kimoja tu. Hakuweza kumpakia mumewe wala mtoto. Motability ilianzishwa 1977, na vile vigari vikapigwa marufuku barabarani 2003. Aliniambia, "Usikubali gari linalokusafirisha wewe peke yako." Maneno hayo niliyabeba hadi dukani.

Sasa tuje kwenye kupatana.

Juu ya posho, magari mengi yana kianzio, pesa unayolipa mwanzoni na hairudi. Yapo yasiyo na kianzio kabisa, na yapo yanayodai maelfu. Duka la kwanza nililoingia, ambalo sitalitaja, muuzaji alimkabili mume wangu. Mimi nimekaa kwenye kiti cha magurudumu, posho ni yangu, leseni ninayo, na yeye anamuuliza mume wangu, "Angependa rangi gani?" Halafu akatuongoza moja kwa moja kwenye gari kubwa la juu lililokuwa na kianzio cha zaidi ya pauni 3,000, eti ndilo lililopo tayari. Nilimwomba nijaribu kukaa. Nilipandisha paja moja, la pili likakataa. Alisema nitazoea. Tuliondoka, na mume wangu alinyamaza njia nzima kwa sababu alijua nimekasirika kiasi gani.

Dada mmoja wa Kimombasa tunayekutana naye msikitini, ambaye mwanawe ana gari la kuingia na kiti cha magurudumu, ndiye aliyenifungua macho. "Mdogo wangu, usiende mikono mitupu. Pima kwanza nyumbani." Akaniambia pia nipige simu kabla na kuuliza siku anayokuwepo mtaalamu wa Motability. Maduka yaliyomo kwenye mpango yana wauzaji waliofunzwa kwa kazi hiyo, na ukiingia tu kiholela unaweza kuangukia kwa yeyote.

Nikachukua futi ya kamba ya cherehani. Nikapima kiti cha jikoni ninachokaa na kuinuka bila kushikwa: sentimita 58 kutoka sakafuni. Kikishuka chini ya 50 siinuki, kikipanda sana sipandi. Nikapima kiti changu cha magurudumu kikiwa kimekunjwa, upana wake, urefu wake, na kimo ambacho mume wangu anaweza kukinyanyua bila kuumia mgongo. Namba hizo niliziandika nyuma ya bahasha. Brosha inakuambia buti lina lita ngapi, lakini kiti changu hakipimwi kwa lita.

Duka la pili, mji wa jirani, nilimkuta mwanamke aliyevuta kiti akakaa ili tuonane macho kwa macho. Aliuliza, "Wewe unaendesha?" Nikajua nimefika. Tulipima magari manne kwa futi ile. Kizingiti cha buti la kwanza kilikuwa kirefu mno, la pili mlango haufunguki vya kutosha kwa chuma cha mguu, la tatu kiti kipo chini. Toyota Yaris Cross ndiyo iliyokubali: kimo cha kiti karibu sawa na kile cha jikoni, na kiti cha magurudumu kikaingia buti kwa ulalo bila kuvua magurudumu. Tulikiingiza na kukitoa mara tatu mbele yake.

Hapo nikaanza Kiswahili changu. "Punguza kidogo hicho kianzio." Akatabasamu, akaeleza kwamba hilo hana mamlaka nalo; bei za kianzio zinapangwa na mpango na orodha hubadilika kila robo mwaka: Januari, Aprili, Julai, Oktoba. Ilikuwa wiki ya tatu ya Septemba. Nikauliza, nikiweka oda leo na Oktoba ikaja na bei nyingine, itakuwaje? Akasema bei ya siku ya oda ndiyo yangu, hata gari likichelewa. Basi tarehe nayo ni sehemu ya patano. Ukiona bei inayokufaa siku za mwisho za robo, usiiache ilale. Ukiona imekaa vibaya, subiri orodha mpya uone. Mimi sikusubiri, na Oktoba gari lilelile lilikuwa limepanda pauni 250.

Jambo la pili ni daraja la gari. Lile lililokuwa kwenye shorumu lilikuwa la juu, paa la kioo na magurudumu makubwa, kianzio chake kimezidi kwa pauni 600. Nilimwomba anioneshe orodha nzima, mstari kwa mstari. Daraja la chini lilikuwa na kamera ya nyuma, ambayo mimi naihitaji kwa sababu kiuno hakigeuki vizuri, na gia otomatiki. Paa la kioo la nini? Rangi nayo nilichagua isiyo na malipo. Muuzaji hakunificha kitu nilipouliza, lakini nisingeuliza asingeanza yeye, na simlaumu. Kila shorumu huweka mbele kile kinachong'aa.

Baada ya hapo ndipo nikasema, "Haya, bei ni bei. Nyongeza yangu je?" Nilimfafanulia desturi yenyewe, akacheka kwa furaha. Nikapata makapeti ya mpira, maana mkongojo wa mvua unaharibu zulia la gari. Nikapata vizuia matope, tangi lililojaa, na gari kuletwa hadi mlangoni. Ukijumlisha ni zaidi ya pauni 200. Lakini nyongeza kubwa kuliko zote ilikuwa ya pedali.

Mimi naendesha kwa mguu wa kushoto. Kwa hiyo gari linafungwa pedali ya pili ya mafuta upande wa kushoto wa breki, na ile ya kulia inazibwa isiguswe. Kabla ya oda nilienda kituo cha tathmini ya udereva, wakanikalisha kwenye mashine, wakapima nguvu ya mguu kwenye breki na wepesi wa kuhama kutoka pedali moja hadi nyingine. DVLA, idara ya leseni za udereva, lazima nao wajulishwe. Ukiomba mabadiliko kama haya wakati uleule wa oda, mengi hayaongezi gharama; pedali yangu sikulipia chochote. Ukisahau ukakumbuka baadaye, mambo hubadilika. Ndiyo maana nasema usione haya. Mwanamke mmoja tunayefahamiana alificha kwamba mkono wake wa kushoto ni dhaifu, akidhani atanyimwa gari, na sasa anazungusha usukani kwa tabu wakati kishikio cha usukani angefungiwa bure.

Nilimwomba muuzaji kwamba siku ya kukabidhiwa gari, fundi aliyefunga pedali awepo. Alikubali na akaandika kwenye oda. Gari lilichelewa, waliahidi Novemba likaja Januari, na wiki zile za baridi kwenye vituo vya mabasi sitazisahau. Ila siku lilipofika fundi alikuja. Nilikaa, nikakanyaga, kisigino kikawa kinaelea hewani. Akapiga magoti kwenye lami yenye barafu, akalegeza skrubu mbili, akaisogeza pedali kwangu kama sentimita mbili. Nikakanyaga tena. Kisigino kikatua. Kisha akamfundisha mume wangu kuikunja: unaivuta juu kwa mkono, inabofya, ya kulia inafunguka, naye anaendesha kama gari jingine lolote. Sote wawili tumo kwenye bima.

Lawama ninayo, na ni nzito. Gari lilipogongwa nyuma mwaka jana na kulazwa gereji, gari la muda nililoletewa halikuwa na pedali ya kushoto. Siku sita nilikaa nyumbani na gari zima limeegeshwa mlangoni. Kwa mpango unaohudumia walemavu zaidi ya laki nane, hilo halikubaliki, na niliwaandikia. Ulizeni kabla ya kutia sahihi: likiharibika, nitaletewa gari ninaloweza kuendesha?

Wanaofikiria kuomba sasa wajue pia kwamba mambo yamebadilika. Novemba 2025 mpango uliondoa magari ya kifahari, BMW, Mercedes-Benz, Audi, Lexus na Alfa Romeo, na bajeti ya mwezi huohuo ikaamua kwamba mikataba mipya kuanzia Julai 2026 itatozwa VAT kwenye kianzio, isipokuwa magari yaliyotengenezwa kwa kuingia na kiti cha magurudumu. Kwa hiyo tofauti ya daraja la juu na la chini itauma zaidi kuliko ilivyoniuma mimi. Asiye na kianzio aangalie kwanza magari ya kianzio sifuri, ambayo si mabaya hata kidogo, kisha aulizie ruzuku ya taasisi ya hisani ya Motability. Wanaangalia kipato, na yule dada wa Kimombasa asingeweza kupata gari la mwanawe bila wao. Mkataba wake yeye ni wa miaka mitano.

Mkataba wangu unaisha Januari 2028. Bega la upande wa mkongojo limeanza kuchoka na mume wangu naye si kijana, kwa hiyo oda ijayo nitaomba winchi ndogo ya kunyanyulia kiti hadi ndani ya buti. Nimeshaanza kuweka pauni 10 kila wiki kwa ajili ya kianzio, na vipimo vipya nimeviandika kwenye bahasha ileile.