Yuro 12 au antena? Uzoefu wangu wa kutazama halingi Cork

Kuna ndugu yetu amehamia Cork, huku Ayalandi, kutoka Dodoma mwezi uliopita. Wanawe hawajamaliza hata wiki tatu shuleni, wameshajiunga na klabu ya halingi, wamerudi na fimbo, na sasa wanamdai baba yao mechi za kwenye runinga. Akanipigia: "Kaka, nilipie ile programu ya mtandaoni ya kutazamia mechi, au antena inatosha?" Tuliongea karibu saa nzima. Mama watoto alipochoka kunisikiliza akasema si uyaandike tu, utamjibu kila mtu kwa simu mpaka lini. Haya.

Kwanza jina. Huu ni mchezo wa asili wa Waayalandi, na wenyewe huandika hurling. Mimi nitaandika halingi, maana kriketi nayo tuliipokea hivyohivyo na haikutudhuru. Ni wachezaji 15 kwa 15, kila mmoja na fimbo iliyo bapa mwishoni, na kimpira cha ngozi kiitwacho sliotar, ukubwa kama wa mpira wa tenisi ila kigumu, kikikupata kwenye goti utalala na barafu. Milingoti imesimama kwa umbo la H. Ukipiga chini ya mtambaa wa panya ni goli, linahesabiwa pointi 3, na mzee wa koti jeupe aliyesimama pembeni anapeperusha bendera ya kijani. Ukipitisha juu ni pointi 1, bendera nyeupe. Matokeo yanaandikwa 3-28 na hesabu unapiga mwenyewe: tatu mara tatu, jumlisha 28, jumla 37. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa natumia vidole.

Chama chao cha michezo ya asili, GAA, kilianzishwa mwaka 1884 mjini Thurles, na mpaka leo wachezaji hawalipwi mshahara, hata wale wa timu za kaunti. Jumapili mtu anafunga mbele ya watu 82,000 pale Croke Park, uwanja mkuu wa GAA ulioko Dublin, Jumatatu yuko darasani anasahihisha madaftari. 

Mimi halingi niliipata bure, tena bila kuitafuta. Nilikuwa naanza kazi kwenye nyumba ya wazee, Jumapili mchana, majira ya baridi, mvua ile ya Cork inayonyesha kama haina kazi nyingine. Sebuleni runinga iko TG4, stesheni inayotangaza kwa Kiayalandi, na sauti imefunguliwa hadi mwisho kwa sababu nusu ya wasikilizaji masikio yamechoka. Ilikuwa mechi ya klabu, uwanja matope matupu. Mtangazaji anapiga kelele "kuul!" na mimi nikadhani anasifia tu kwamba mambo ni kuul. Bibi mmoja niliyekuwa namlisha supu akanisogezea bakuli pembeni nisije nikamkinga, akaniambia cúl ni goli, na cúilín ni pointi, goli dogo. Supu ikapoa. Nilijifunza maneno kama kumi ya Kiayalandi siku ile kabla ya kujua jina la mchezo wenyewe. Leo binti yangu wa miaka tisa ananisahihisha matamshi, kwani shuleni wanakifundisha.

Kwa hiyo nikihama nyumba, kitu cha kwanza ni antena. Hapa mfumo wa bure unaitwa Saorview. Runinga nyingi mpya zina king'amuzi chake ndani kwa ndani, huhitaji boksi wala kadi wala kifurushi cha mwezi. Unachomeka waya, unaiambia itafute chaneli, unakwenda kuchemsha chai, ukirudi RTÉ, runinga ya taifa, na TG4 zimejaa picha safi isiyo na chenga. Fundi wa kupanda darini nilimlipa mara moja tu. Ila neno "bure" lina mkia: ukiwa na runinga inayoweza kupokea matangazo unatakiwa kulipa leseni, yuro 160 kwa mwaka, uwe unatazama au huitazami. Ndugu yangu wa Dodoma hili hakulijua. Lilipe, barua zao hazichoki.

Kwa antena unapata nini? Fainali za Ayalandi nzima, ya halingi na ya mpira wa Kigaeli (mchezo wao mwingine wa asili, mpira unachezwa kwa mikono na miguu), zipo kwenye orodha ya serikali ya matukio yanayopaswa kuonyeshwa bure, hizo hakuna wa kukunyang'anya. RTÉ inaonyesha mechi nyingi kubwa za kiangazi, na Jumapili usiku wana The Sunday Game, kipindi cha marudio na ubishi kilichoanza 1979. TG4 ndiyo shamba la wakulima wavumilivu: ligi, klabu, mpira wa Kigaeli wa wanawake. Usichopata ni kuchagua. Unakula kilichopakuliwa.

Sasa ya kulipia. Kuanzia 2014 hadi 2022 baadhi ya mechi zilikuwa Sky, runinga ya kulipia, kwa wenye dishi na mkataba. Sky walipoondoka, mechi za namna hiyo zikahamia GAAGO, huduma ya mtandaoni ambayo RTÉ na GAA waliianzisha pamoja mwaka 2014 kwa ajili ya Waayalandi walioko ng'ambo. Mwaka 2023 ikaingia nyumbani: yuro 12 kwa mechi moja au yuro 79 kwa msimu. Siku hizi GAA wanaimiliki peke yao, na tangu 2025 inaitwa GAA+.

Mechi yangu ya kwanza ya kulipia iliganda dakika ya ishirini. Kiduara kinazunguka, watoto wanapiga kelele, mimi nazima nawasha. Kampuni ya intaneti tuliyokuwa nayo, jina naliweka mfukoni, ikaniambia kwa upole mkubwa kwamba upande wao kila kitu kiko sawa. Kusema kweli kosa moja lilikuwa langu, kisanduku cha waifai nilikuwa nimekificha nyuma ya friji kwa sababu mama watoto hapendi taa zake. Nikakitoa, mambo yakatulia. Kama unatumia bando la simu, pigia hesabu: picha nzuri inaweza kula GB 3 kwa saa, na mechi ni dakika 70 bila mapumziko na bila zile za majeruhi.

Ila ninayotaka kuisimulia ni jioni ya Mei 11, 2024. Cork na Limerick, saa moja jioni, uwanja wa Páirc Uí Chaoimh, hapahapa mjini. Cork wamepoteza mbili za kwanza, wakipoteza hii wamekwisha. Limerick ndio mabingwa wa miaka minne mfululizo. Mechi iko GAAGO peke yake. Usiku huohuo RTÉ walikuwa na fainali ya Eurovision, kwa hiyo nyimbo bure, halingi yuro 12, na mtaa wetu mzima ukagawanyika.

Jirani yetu, mzee wa miaka themanini na ushee, mjane, hajawahi kukosa mechi ya Cork maishani. Intaneti hana. Nikamwambia, Mzee, njoo kwetu. Akaja amevaa fulana nyekundu juu ya shati na tai, mkononi pakiti ya biskuti na redio yake ndogo ya betri. Nikadhani redio ni ya njiani. Kumbe hapana, akaiweka mapajani akaifungua, kwa sababu mtangazaji wa redio ya nyumbani anamwamini kuliko wa runinga.

Tatizo ni kwamba redio ilikuwa mbele. Mzee anaruka, "Goli!", sisi tunatazama runinga, mpira bado uko kwa kipa wa upande wa pili. Anashika kichwa, "Aah, nje," na kwenye kioo jamaa ndiyo kwanza anainua fimbo. Kijana wangu akalalamika. Nikamuuliza Mzee kama tunaweza kuizima, akanitazama, akapunguza sauti kidogo sana. Kufika kipindi cha pili binti yangu alikuwa ameshaacha kutazama runinga kabisa. Amegeuza kiti, anatazama uso wa Mzee.

Dakika za majeruhi Cork wakapata penalti. Sisi hatukujua kuna penalti. Tulichoona ni Mzee amesimama, redio imeanguka kwenye zulia, betri moja imekwenda chini ya kochi, na yeye analia na kucheka pamoja. Ikabidi tukae kimya tusubiri picha itufikie: rafu, filimbi, Patrick Horgan anauinua mpira kwa fimbo, kimiani. 3-28 kwa 3-25. Nimetazama magoli mengi maishani, hilo ndilo pekee nililoliona nikiwa najua na bado nikapiga kelele.

Kuchelewa huku si kwa kampuni moja. Antena inadaka mawimbi kutoka mnarani, yamekwisha. Mtandaoni video inakatwa vipande vya sekunde chache, kila kipande kinasafirishwa peke yake, na runinga inaweka akiba ya vipande kadhaa kabla ya kukuonyesha, isije ikakwama katikati. Akiba ile ndiyo kuchelewa kwenyewe. Siku nyingine nilipima kwa saa ya simu nikapata sekunde 35 nyuma ya redio ya Mzee. Kama nyumba zenu zimebanana na majirani wana tiketi au redio, funga dirisha.

Picha yenyewe? Nzuri, sina neno. Marudio unayapata ukitoka zamu ya usiku, na kwa mtu wa zamu hilo peke yake lina thamani ya pesa. Mechi ya antena ukiikosa, antena haikurudishii.

Basi kwa nini nanung'unika? Yuro 12 siyo mwisho wa dunia, ni chakula cha mchana cha mtu mmoja mjini. Hoja ya GAA naielewa pia: RTÉ haina nafasi ya kuonyesha kila mechi, tangu 2022 msimu umebanwa uishe Julai badala ya Septemba, na pesa ikiingia inarudi kwenye klabu, ikiwemo inayomfundisha binti yangu kwa ada ndogo. Wanasiasa walipiga kelele 2023, Micheál Martin mwenyewe, mtu wa Cork, wakati huo naibu waziri mkuu, akisema mechi za Munster, jimbo la kusini lenye Cork na Limerick, zilistahili kuwa bure, na wakubwa wa huduma wakaitwa mbele ya kamati ya bunge. Wengi walibishana kuhusu bei. Mimi naona bei wameibebesha mzigo usio wake.

Yuro 12 Mzee anazo. Asichonacho ni anwani ya barua pepe. Siku nilipojaribu kumfungulia akaunti kwenye simu ya mwanawe aliyekuja likizo, ilitakiwa barua pepe, nenosiri lenye herufi kubwa na namba, namba ya kadi ya benki, kisha msimbo unaotumwa kwenye simu ambayo haikuwa yake. Alisubiri kwa adabu, halafu akasema atasikiliza redio. Na mimi vilevile: kama Jumapili ile ya supu mechi ingekuwa nyuma ya malipo, nisingeijua halingi mpaka leo. Nani analipia kitu ambacho hajui hata jina lake?

Kule kwetu Morogoro tulikuwa tunalipa kiingilio kibanda umiza, mia tano, benchi la mbao, jasho la watu sabini. Lakini kibanda hakikuhitaji barua pepe. Unatoa sarafu, unainama mlangoni, umeingia.

Mwaka jana, Julai 20, 2025, fainali ya Cork na Tipperary, RTÉ, bure. Mzee alitazamia kwake, sisi tukamfuata huko. Redio aliiacha jikoni. Mtaa mzima ulikuwa sekunde moja: nyumba nane, madirisha wazi, kelele moja. Mapumziko Cork wanaongoza kwa pointi 6. Kipindi cha pili wakapata pointi 2. Mbili, dakika 35. Penalti yao ikaokolewa, na Tipperary wakamaliza 3-27 kwa 1-18. Kimya kile nacho kilitoka kwenye madirisha yote kwa pamoja. Mzee akasema tu kwamba amesubiri tangu 2005, atasubiri tena, akaniuliza kama nakunywa chai.

Jibu langu kwa ndugu wa Dodoma, na wengine mlioniuliza, ni hili. Antena kwanza, wiki hii, usisubiri. Msimu mzima usilipie mwaka wa kwanza, hujajua bado utampenda nani. Watoto wakishachagua kaunti, lipia mechi mojamoja, na angalia kwanza ratiba ya RTÉ na TG4 usije ukalipia ya Jumamosi kumbe tamu zaidi ni ya Jumapili ya bure. Wa zamu za usiku ndio nawaambia kifurushi cha msimu kinawafaa. Walioko Muscat na Ulaya ya bara hawana antena ya kudaka RTÉ, kwao mtandao ndio njia.

Kwangu siku za mechi za kulipia Mzee bado anakuja na biskuti. Ile jioni ya Limerick alitoa yuro 6, nusu yake, nikakataa, asubuhi nikazikuta chini ya kikombe. Tangu hapo anaweka yuro 2 kwenye bakuli la sukari akiingia, na majirani wengine wawili wameanza kumwiga bila kuambiwa. Ndugu wa Dodoma, Jumamosi karibu. Kiti uje nacho.