Filamu tano za Afrika Mashariki zinazostahili hela yako, kuanzia ya kwanza hadi ya tano

Kwa mwaka mzima uliopita nimetazama filamu za kwetu kuliko za nje, na kila nikizitaja mbele ya watu naulizwa swali lile lile: nilipie ipi? Swali ni la msingi, maana filamu siku hizi haina bei moja. Kuna ya kununua ikawa yako, kuna ya kukodi, kuna ya kukatia tiketi, na juu ya zote kuna bando. Netflix wenyewe wanakadiria kwamba picha ya HD hula hadi GB 3 kwa saa, lakini ukishusha ubora, saa hiyo hiyo inakula chini ya GB 1. Kwa anayejiunga bando la wiki, gharama kubwa mara nyingi iko hapo.

Kipimo changu ni kimoja: utairudia? Filamu utakayotaka kuitazama tena, au kumwonyesha mtu mwingine, inunue. Ya kutazama mara moja, kodi inatosha.

1. Supa Modo (Kenya, 2018) – nunua

Hii naiweka juu bila kusita. Likarion Wainaina ameongoza kisa cha Jo, mtoto wa miaka tisa ambaye ugonjwa wake hauna tiba tena. Mama anamtoa hospitali na kumrudisha kijijini. Jo anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, basi dada yake anaanza kumsadikisha kwamba na yeye anazo. Kidogo kidogo kijiji kizima kinaingia kwenye mchezo huo.

Tazama sehemu ya mpira. Uwanja mzima unaganda, watu wamesimama kama sanamu, ili Jo apite na mpira aamini kwamba ni yeye aliyewasimamisha. Watu wazima wamekubali kusimama juani kwa ajili ya mtoto mmoja. Nimeirudia sehemu hiyo na haijapungua nguvu. Ukitazama kwa makini, utaona jinsi mama anavyopata taabu na mchezo wote huu. Yeye anataka kumlinda mwanawe kwa kumweka ndani, na dada anataka aishi siku zilizobaki. Filamu haimfanyi yeyote kati yao kuwa mbaya.

Ina dakika 74 tu, kwa hiyo hata bando halilii. Watoto wanaweza kuitazama, ila mzazi akae nao, maana maswali kuhusu kifo yatakuja na ni vizuri awepo mtu wa kuyajibu.

2. Vuta N'kuvute (Tanzania, 2021) – nunua, lakini usiitazame kwenye simu

Waliosoma kidato cha tano na sita wanaijua riwaya ya Shafi Adam Shafi. Amil Shivji ameichukua akaifanya filamu, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, na baadaye Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Tuko Zanzibar miaka ya 1950, Mwingereza bado anatawala. Denge anapigania uhuru kwa siri, Yasmin ametoroka ndoa aliyoozwa bila kupenda, na Mwajuma, anayechezwa na mwimbaji Siti Amina, anawapa hifadhi na sauti ya taarabu.

Anayekwenda kutafuta riwaya yote ndani yake ataondoka analalamika. Shivji amekata mengi. Alichobakiza ni vichochoro vya usiku, taa hafifu, nyuso zinazotazamana bila kusema. Ndiyo maana nasema simu haifai: kwenye kioo kidogo chenye mwanga wa mchana nusu ya filamu inakuwa weusi mtupu. Tafuta televisheni, zima taa, tumia spika nzuri. Mazungumzo ni machache na mwendo ni wa taratibu, na mimi naupenda hivyo hivyo, kwa sababu unakupa nafasi ya kusikia Kiswahili cha Unguja kikitamkwa na wenyewe bila haraka. Mwalimu wa fasihi akiweza kuipata kihalali kwa ajili ya darasa lake, atakuwa amewafanyia wanafunzi jambo kubwa.

3. Kaburi Wazi (Tanzania na Ujerumani, 2024) – kodi, mtazame ukoo mzima

Hii si hadithi ya kubuni. Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay wanafuatana na mwanasheria wa ukoo wa Mbano na mkewe mwalimu, wanaotafuta fuvu la babu yao, Nduna (jemadari wa Wangoni) Songea Mbano. Wajerumani walimnyonga mwaka 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji, na mji wa Songea unaitwa kwa jina lake. Filamu inafika hadi Novemba 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alipokwenda Songea kuomba msamaha.

Nimeiweka ya tatu kwa sababu ni nzito, na si wengi watakaoirudia. Lakini mara hiyo moja usikose. Kuna ukimya wa wazee pale wanapoelezwa kuhusu mafuvu yaliyopangwa kwenye makasha ya makumbusho ya Ulaya ambao hakuna kitabu cha historia kilichowahi kunipa.

4. Nairobi Half Life (Kenya, 2012) – kodi

Mwas anatoka kijijini kwenda kuwa mwigizaji, Nairobi inampora siku ya kwanza, na muda si muda yuko mahabusu, kisha yuko kwenye genge. Joseph Wairimu alipata tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Durban mwaka 2012, na anaistahili. Kuna matusi na damu, watoto walale kwanza. Mtazamaji wa Bongo atahitaji dakika kadhaa kuizoea Sheng.

5. Binti (Tanzania, 2021) – tazama ukiwa tayari unalipia mtandao ilipo

Seko Shamte anasimulia wanawake wanne wa Dar es Salaam: Tumaini anayeandamwa na wadai, Angel na mchumba mwenye mkono mwepesi wa kupiga, Stella anayetafuta mtoto, Rose anayelea mtoto mwenye usonji. Picha ni safi mno. Ila visa vinne kwa saa moja na nusu ni vingi, na kila ninapoanza kumzoea mmoja, naondolewa kwake. Tumaini peke yake angetosha filamu nzima.

Kabla hujalipa, hakikisha mambo mawili. Kwanza, filamu hizi huhama kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na nyingine hufunguka katika nchi fulani tu, kwa hiyo anza na kurasa za watengenezaji wenyewe uone zipo wapi kwa sasa. Pili, soma masharti ya kukodi: YouTube, kwa mfano, kwa kawaida hukupa siku 30 za kuanza kutazama, lakini ukishabonyeza, una saa 48. Usibonyeze usiku wa kuamkia safari.

Na tafadhali, acha kujaziwa kwenye flashi pale kibandani. Hela ile haimfikii mwongozaji wala mwigizaji hata senti. Kama mfuko hauruhusu, subiri maonyesho ya tamasha la filamu la ZIFF pale Unguja au ya vituo vya utamaduni mjini. Mengine huwa bure, na kioo ni kikubwa.