SM58 ya Shure: maiki niliyorekodia Malaika chumbani

Hii maiki nilikuwa naiona kwenye kwaya na bendi za ukumbini tu nikajua ni ya stejini, kumbe hata chumbani inapiga kazi. Nimerekodia kava ya Malaika, ile ya Fadhili William, gitaa moja na sauti basi, maana wimbo ule ukiujaza vyombo unauua.

Kabla yake nilikuwa na maiki ya kondensa, zile nyeti za studio, ya bei poa. Sasa kondensa inasikia kila kitu na mimi nimepanga chumba Dar, bodaboda zinapita chini ya dirisha, jirani anafuga kuku, yaani hakuna teki, kila nikirudia kurekodi, iliyokosa jogoo. SM58 ni dainamiki, aina isiyo nyeti sana, inachukua kilicho mbele yake, ya nyuma haina habari nayo sana. Nikaiweka maiki mgongo wake uangalie dirisha, godoro nikalisimamisha ukutani nyuma yangu, feni nikazima, jasho likanitoka lakini teki ya nne ikakaa.

Ila inataka uisogelee jamani. Vidole viwili toka mdomoni sauti inakuwa nzito, ina joto, ukirudi nyuma ile besi inapungua. Kwenye beti nilikaa karibu kabisa, pale wimbo unapopanda nikarudi kama shibiri moja, na hiyo shibiri ndo imebeba kava yote. Nilimtumia mama akapiga simu anauliza mbona kama unaniimbia sikioni.

Gitaa nililirekodi kwanza peke yake, maiki ikiangalia shingo inapoungana na boksi, ukiielekeza kwenye tundu inavuma tu. Sauti nyembamba za juu inazishika mpaka 15,000 Hz tu, kwahiyo nyuzi hazing'ai kama kwenye kondensa, mi kwa wimbo wa zamani kama huu nimependa hivyo hivyo.

Kingine, inatoa sauti ndogo, geini (kitufe cha kukuza sauti) ya intafesi yangu, kile kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta, nimeipandisha mpaka robo tatu, kama intafesi yako dhaifu utasikia shhh kwenye kila sehemu ya kimya. Ule umeme wa volti 48 ambao intafesi inazipa maiki za kondensa haiuhitaji, usihangaike nao.

Na muwe makini na feki, mimi SM58 ya kwanza niliuziwa feki, duka silitaji. Niliishika nikaona nyepesi nikapuuza kwa sababu bei ilikuwa tamu, baada ya wiki mbili ikaanza kukwaruza. Orijino ina gramu kama 298 bila kebo, nendeni nayo hata kwenye mzani wa duka la mchele mpime kabla hamjatoa hela.