Kamusi elezo ya kila mtu: picha ina pikapu, mimi naambiwa nilete chanzo

Kilwa Kisiwani hakuna gari. Unavuka kutoka mji wa Kilwa Masoko kwa boti au kwa dau, unashuka, unatembea kwa miguu mpaka magofuni, basi. Sasa naomba mtu anieleze ile pikapu nyeupe, nusu yake imekatwa pembeni, kwenye picha iliyoandikwa chini yake eti "Gereza, Kilwa Kisiwani", imefikaje kule. Imeogelea?

Hii ndo review yangu ya kamusi elezo za mtandaoni, zile ambazo mtu yeyote anabonyeza "hariri" na kuandika anachotaka. Zipo kadhaa za namna hiyo, Wikipedia ndo baba lao, ila hii iliyonichefua mimi jina naliacha maana sitaki kesi na mtu, na sheria zao zinafanana tu. Mi kazi yangu kuongoza wageni, hiyo ndo inanipa ugali, kwa hiyo msinione nakuza jambo dogo.

Kuna kikundi kilikuja kutoka Dar, walimu na familia zao, watu wazuri tu. Tumesimama mbele ya Gereza, ndo jina la ile ngome ya kale, bahari ileee, namwaga maneno yangu ya siku zote, kwamba Wareno wa Francisco de Almeida waliuvamia mji 1505 wakaweka ngome yao, hawakudumu, 1512 wakaondoka, na hili jengo mnaloliona leo sehemu kubwa ni la Waomani waliokuja baadaye sana, wakajenga juu ya mabaki ya ile ngome. Mwalimu mmoja akatoa simu. "Kijana, samahani, mbona hili silo?" Nikamwambia mwalimu ndilo. Akanigeuzia kioo, naona jengo jingine kabisa! Nimelijua palepale, ni boma la Mjerumani la Kilwa Kivinje, na Kivinje iko bara, zaidi ya kilomita 20 kwa barabara ukitokea Masoko. Nikamweleza taratibu. Akanitazama juu mpaka chini, akasema mbele ya kikundi kizima, "Hapa pameandikwa. Wewe umesomea wapi?" Wakacheka. Nahodha wetu, mzee aliyezaliwa hapohapo kisiwani, hakusema kitu, alienda zake kuangalia boti.

Mwalimu nilimsamehe kabla hatujafika Masoko, kafanya tu kile ambacho kila mtu anafanya siku hizi. Hasira yangu yote iko kwa mtu mwingine, ambaye simjui sura, namjua jina lake la akaunti tu na sitalitaja.

Jioni nikajiunga bando, nikafungua akaunti, nikarekebisha yale maelezo ya picha. Maneno machache tu, kwamba hili ni boma la Kivinje na siyo Gereza la Kisiwani. Sijamaliza hata kufurahi, pamerudishwa kama palivyokuwa. Nikaletewa ujumbe, ule wa kunakili na kubandika: asante kwa mchango wako, badiliko lako limeondolewa kwa kuwa halina chanzo cha kuaminika, tafadhali usiweke utafiti binafsi. Utafiti binafsi! Mtu kuliona jengo kila wiki ni utafiti? Nikarekebisha tena, safari hii na maelezo marefu, ikarudishwa tena. Halafu likaja onyo, kwamba naendesha vita vya uhariri na nikiendelea nafungiwa.

Nikaenda kwenye ukurasa wa majadiliano maana ndo wanakosema watu waelewane. Nimeandika kwa adabu zote, shikamoo kasoro tu, nikamwambia ndugu tazama pembeni kushoto kuna pikapu, na Kisiwani hakuna gari. Jibu lake nalikumbuka mpaka leo: "Uzoefu binafsi si chanzo. Tovuti ifuatayo inaonyesha picha hiyohiyo kwa maelezo hayohayo." Na linki chini.

Nikafungua linki. Kampuni ya safari. Picha ileile, pikapu ileile, sentensi ileile neno kwa neno, mpaka Kisiwani imeandikwa na "n" mbili kama kwenye kamusi elezo yenyewe. Yaani wale wamekopi kutoka kwenye kamusi elezo, halafu kamusi elezo inawatumia wao kama ushahidi kwamba iko sahihi! Huyu anasema kwa sababu yule kasema, yule kasema kwa sababu huyu kasema, na mimi niliyesimama mlangoni pa jengo lenyewe siaminiki.

Nikaanza kusoma usiku, maana usingizi ulikataa, nikakuta kumbe siko peke yangu. Kuna mnyama wa Amerika Kusini anaitwa coati. Mwaka 2008 mwanafunzi mmoja Mmarekani akaingia Wikipedia akaongeza kwa masihara tu kwamba mnyama huyo anaitwa pia muhanga wa Brazili. Hakuna mtu aliyekuwa anamwita hivyo. Utani ukakaa, magazeti ya Uingereza yakauokota, ukaingia mpaka kwenye vitabu, na baadaye hayohayo magazeti yakawekwa kama chanzo cha ule utani. Mwenye utani mwenyewe akabaki ameduwaa. Na kuna yule mwandishi mkubwa wa riwaya, Philip Roth, 2012 aliwaambia Wikipedia kwamba walichoandika kuhusu chimbuko la riwaya yake mwenyewe siyo kweli, wakamjibu kwamba yeye siyo chanzo kinachotosha, walete watu wengine waseme. Mpaka akaandika barua ndefu kwenye jarida la The New Yorker, ndo barua ikawa chanzo. Sawa, yeye ana New Yorker. Mi pikapu yangu nani atanichapishia?

Chanzo chenyewe wanachokitaka ni kitu kama ripoti ya Neville Chittick, yule mwanaakiolojia Mwingereza aliyechimba Kisiwani, ilitoka 1974, juzuu mbili. Kwa Masoko hapa nitaipata duka gani? Wanavuka maji kuja kutazama mji wa watu ambao wajukuu zao bado wanaishi palepale, halafu wanasema lete kitabu. Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu mfumo hauruhusu sifuri.

Lakini hasira zikipungua kidogo naona na upande wao. Ile sheria ya chanzo haikutoka hewani. Mwaka 2005 mtu asiyejulikana aliandika kwenye Wikipedia kwamba John Seigenthaler, mwandishi wa habari wa Marekani aliyewahi kufanya kazi na Robert Kennedy, alishukiwa kuhusika na mauaji ya John Kennedy na ya Robert huyohuyo. Uongo mtupu, mzaha wa kijinga, na ulikaa pale kama miezi minne mzee wa watu hana habari. Sasa kama kila anayesema "mi najua" anaachiwa, na waongo nao watasema wanajua, na yule mhariri kule kwenye kiti chake hawezi kutofautisha muongoza wageni wa Kilwa na mtoto anayecheza na simu ya baba yake. Hilo nakubali. Na mwaka huohuo 2005 jarida la sayansi la Nature lililinganisha makala 42 za Wikipedia na za Britannica, likakuta makosa kama manne kwa makala upande wa Wikipedia na kama matatu upande wa Britannica. Britannica walikuja juu, wakaukataa ulinganisho wote, lakini ukweli ni kwamba pengo halikuwa kubwa kama watu walivyodhani.

Ila angalieni, zile zilikuwa makala za sayansi. Atomu ina walinzi wengi duniani kote, ukigusa neno moja wanakurukia. Gereza lina mimi na yule mzee wa boti ambaye hana hata simu ya kioo.

Na kwenye lugha yetu ndo naogopa zaidi. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, wanaojitolea ni wachache, kurasa nyingi ni mbegu, sentensi mbili tatu za kijiji au mto halafu basi. Kuna wakati, 2009 kuelekea 2010, Google waliweka mashindano kwa wanafunzi wa vyuo wa huku Afrika Mashariki waandike makala za Kiswahili kwa zawadi, na makala zilipatikana kweli, lakini zawadi ikiisha nani anabaki kupalilia? Msiseme haiwezi kuharibika. Wikipedia ya Kiskoti ilikuja kugundulika 2020 kwamba maelfu kwa maelfu ya makala zake yaliandikwa na kijana mmoja wa Marekani aliyeanza akiwa na miaka 12, lugha yenyewe haijui, anachukua Kiingereza anakivuruga kidogo anaweka. Kwa miaka! Waskoti wenyewe hawakuwa wanapita pale. Sisi tunapita?

Haya, pikapu. Niliacha kwa muda, nikasema potelea mbali. Baadaye sana nikaona kengele ya akaunti ina alama nyekundu. Kuna mhariri mwingine kapita kwenye majadiliano, kasoma ugomvi wetu wote, akaandika kitu kimoja kilichonimaliza nguvu: "Ndugu yuko sahihi. Fungueni ukurasa wa faili ya picha." Nikabonyeza ile picha yenyewe. Inafunguka kwenye ukurasa wake, na pale, kwa mkono wa aliyeipiga, pameandikwa boma la kale, Kilwa Kivinje. Yaani jibu lilikuwa humohumo ndani ya mtandao wao siku zote, mbofyo mmoja tu! Mwenye picha alisema kweli, mtu mwingine akaihamisha akaiweka ukurasa wa Kisiwani akabuni maelezo, na yule shujaa wa vyanzo alipata nguvu ya kunitishia kunifungia lakini kidole cha kubonyeza picha hakikuwepo.

Huyu wa pili alirekebisha, akaniomba kama nina picha yangu ya Gereza niipandishe. Nikaipandisha, nilipiga asubuhi maji yakiwa yametoka, inaonekana mpaka mikoko. Ipo pale hadi leo, jina langu la akaunti chini yake. Akanifundisha na kitu ambacho sikukijua, ile sehemu ya historia ya ukurasa. Unaona nani aliandika nini, saa ngapi, nani alifuta. Nikamkuta hata aliyehamisha picha, siku aliyofanya, kila kitu. Hapo heshima yangu ikarudi kiasi, kwa sababu vipeperushi vya karatasi vinavyogawiwa kwa wageni vina makosa mabaya zaidi na huwezi kujua nani kayaweka. Unesco waliiweka Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye urithi wa dunia 1981, wakaziingiza kwenye orodha ya zilizo hatarini 2004, wakazitoa 2014, na mimi nimeona vipeperushi baada ya hapo bado vinawaambia wageni tuko hatarini. Kwenye ile kamusi elezo palikuwa pamesharekebishwa.

Na ukurasa uleule wenye pikapu, kinachoudhi, mengine yote ulikuwa umepata. Ibn Battuta kufika 1331, upo. Husuni Kubwa na lile bwawa lake la pembe nane, lipo, na limeelezwa vizuri kuliko ninavyolieleza mimi jua likiwa kali. Ndo maana mwalimu aliamini. Angekuta upuuzi mtupu angefunga simu.

Kwa hiyo nilikuwa nimefika nyota tatu. Ushauri nao nilikuwa nimeuandaa: kabla hujambishia mtu mbele za watu, bonyeza picha, fungua historia, angalia kama chanzo chake siyo tovuti iliyokopi humohumo. Kwa atomu amini. Kwa kijiji cha mtu, muulize na mtu.

Ila juzi kabla ya kuandika hii nimepita kwanza kwenye ukurasa wa yule mhariri wa kwanza, nione kama kasema lolote, hata "samahani" ya kinafiki. Hakuna. Ile tovuti ya safari bado ina pikapu yake. Na yeye juu kabisa ya ukurasa wake kabandika nishani mpya, kapewa na mwenzake, ya kupambana na wapotoshaji, na kwenye orodha ya kazi zake mimi nimo bado, badiliko langu limewekewa alama ya uharibifu.

Nyota mbili.