The Expanse: uzoefu wangu baada ya misimu yote sita

Katika tamthilia nyingi za vyombo vya anga, nahodha hutoa amri na chombo kikafika. Kwenye The Expanse safari inagharimu muda na inautesa mwili, na karibu kila mkasa unaanzia hapo. Kwa sababu hiyo naiweka juu ya nyingine zote za aina yake.

Tazama Rocinante, chombo cha Holden, Naomi, Amos na Alex. Kimepangwa kama jengo la ghorofa, injini ikiwa chini kabisa. Injini ikiwaka, watu wanasimama sakafuni kama kawaida. Ikizimwa wanaelea, na viatu vya sumaku ndivyo vinavyowashika. Breki hakuna. Katikati ya safari chombo kinageuzwa, mkia unatangulia, kisha injini inawashwa tena ili kupunguza mwendo. Anayefukuzwa na kombora hulazimika kuongeza kasi hadi kifua kinabanwa, na viti vinawadunga dawa ya kuwasaidia kuhimili. Msimu wa 2, sehemu ya 6, unamwona Solomon Epstein akijaribu injini yake mpya: inasukuma kwa nguvu kuliko alivyotarajia, amegandamizwa kitini, na mkono haufiki kwenye vidhibiti vilivyo mbele ya macho yake. Sijaona tukio lingine linaloeleza mchapuko, yaani kuongezeka kwa kasi, vizuri hivyo.

Siasa nazo zimetokana na fizikia hiyo hiyo. Watu wa Ukanda wa asteroidi, ile miamba inayozunguka Jua kati ya Mirihi na Jupita, wamekulia penye uvutano hafifu, mifupa yao haiwezi kuuhimili ule wa Dunia, kwa hiyo katika sehemu ya kwanza kabisa mahojiano yanageuka mateso kwa kumning'iniza tu mtu hapa duniani. Huhitaji kuelezwa zaidi kwa nini wanaichukia Dunia.

Kasoro zipo. Injini zinanguruma kwenye ombwe, ambako sauti haisafiri. Wakazi wengi wa Ukanda wana maumbo ya kawaida, ilhali riwaya ambazo tamthilia imetokana nazo zinawaeleza kuwa warefu na wembamba. Ila kinachowakimbiza watazamaji wengi ni mwanzo wenyewe: nyuzi tatu zinakwenda pamoja, mpelelezi Miller kule Ceres, kituo cha Ukanda, Avasarala wa Umoja wa Mataifa, na wafanyakazi wa meli ya kubeba barafu Canterbury, na hakuna anayekueleza zinakutana wapi. Usiamue kabla ya sehemu ya 4. Humo risasi zinapenya kuta za meli ya kivita ya Mirihi, hewa inavuja, na kuziba matundu kunakuwa suala la sekunde. Usiposhikwa hapo, achana nayo.

Washa manukuu tangu mwanzo. Watu wa Ukanda wana lugha yao, iliyotungwa na mwanaisimu Nick Farmer, na wanaichanganya na Kiingereza kwa kasi.

Mpangilio wa kutazama nao una mtego. Riwaya hazikukatwa kufuata misimu: ya kwanza inaisha msimu wa 2, sehemu ya 5, na ya pili inaisha msimu wa 3, sehemu ya 6. Pumzika hapo. Ukipumzika mwisho wa msimu wa kwanza, utarudi ukiwa umesahau nani yuko upande gani. Msimu wa 4 uko polepole zaidi kwa kuwa sehemu kubwa inabaki kwenye sayari moja. Wa 5 ndio bora kuliko yote, hasa sehemu za Naomi.

Jumla ni sehemu 62, za 2015 hadi 2022. Kituo cha televisheni cha Syfy kiliiacha baada ya misimu mitatu, Amazon ikaichukua. Msimu wa 6 una sehemu 6 tu, na kisa cha sayari ya Laconia kinachofunguliwa humo hakifungwi. Kinaendelea kwenye riwaya ya saba, ambako hadithi inaruka karibu miaka 30 mbele.