iReal Pro kwa mpiga besi anayefanyia kazi arpejio za maina

iReal Pro ni programu ya simu na kompyuta inayopiga ngoma, piano au gitaa, pamoja na besi, kwa kufuata kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) unazoandika mwenyewe. Kwa arpejio za maina, yaani noti za kodi ya maina zikipigwa moja moja, ni chombo kizuri sana, ila kwanza fungua mikisa yake (sehemu ya kurekebisha sauti ya kila chombo) ushushe besi hadi sifuri. Ukiiacha, sikio litaegemea noti zake na makosa yako yatajificha humo.

Andika wimbo mpya wa baa nne, zote A-, maana humo maina huandikwa kwa alama ya kutoa. Weka tempo 60 na mizunguko 12, kisha kwenye mipangilio ya mazoezi iagize ipandishe ufunguo kwa nne kamili (umbali wa freti tano) kila mzunguko: A, D, G, C, F, hadi funguo zote 12 ziishe. Usichague nusu toni. Mkono utateleza freti moja moja na umbo lile lile, na noti zenyewe hutazijua. Kwa nne kamili, A iko freti ya 5 ya uzi wa E, D freti hiyo hiyo ya uzi wa A, na G freti hiyo hiyo ya uzi wa D. Hapo nyuzi zinakwisha kabla ya oktava (noti ile ile ya kuanzia, kwa juu), na inabidi urudi G ya freti ya 3 kwenye uzi wa E. Kuamua huko huku ngoma zinaendelea ndilo zoezi lenyewe.

A maina ni A, C, E. Anza A kwa kidole cha shahada, C freti ya 8 ya uzi huo huo kwa kidole cha mwisho, E freti ya 7 ya uzi wa A kwa kidole cha pete, na oktava freti ya 7 ya uzi wa D kwa kidole hicho hicho. Kosa kubwa ni kuanza kwa kidole cha kati kama ilivyozoeleka kwenye meja: kidole cha shahada kinaangukia freti ya 4 ya uzi wa A, ambayo ni C#. Piano ya programu inashikilia C, kwa hiyo mgongano unasikika papo hapo. Metronomu haiwezi kukusaidia hivyo.

Kosa la pili programu haiwezi kukuonyesha. E na oktava ziko freti moja, nyuzi jirani. Ukilaza kidole cha pete, zote mbili zinalia pamoja na arpejio inageuka kodi. Piga E kwa ncha, kisha laza kiungo kwenye uzi wa D huku ncha ikiachia uzi wa A. Jirekodi usikilize.

Ukiandika A-7 (A maina yenye noti ya saba), ongeza G freti ya 5 ya uzi wa D kabla ya oktava. Jaribu pia umbo la kurudi nyuma: A kwa kidole cha mwisho, C freti ya 3 ya uzi wa A, E freti ya 2 ya uzi wa D, A freti ya 2 ya uzi wa G.

Programu inaweza pia kuongeza kasi yenyewe. Ukiweka 5 kila mzunguko, wa 12 utakuwa 115, na vidole vitavurugika katikati. Weka 2, utamaliza kwenye 82.

Spika ya simu haitoshi, kwa kuwa inameza sauti nzito za ngoma. Unganisha kwa waya kwenye amplifaya au tumia hedifoni. Sauti za vyombo ni za kompyuta, na mitindo imeegemea jazi, Kilatini na pop. Anayetaka benga au taarabu hatazikuta. Asiyejua bado noti za shingo ya besi asiinunue kwanza, kwa sababu haitamwambia kidole kipi kikae wapi.